Karatasi Njo Inaongea Kwanza: Juu ya Rangi za Wino mu Katanga

Wakati tunaongea juu ya mila mu muji wetu wa Lubumbashi, tunaanza na ngoma, tunapita ku vinyago, tunamalizia na vyakula na majina ya wafalme. Wino, hakuna mutu anaitaja. Na hata hivyo sehemu kubwa ya maisha yetu imelala mu karatasi: kitabu cha ndoa, kaye ya mutoto, mukanda wa baba mukubwa aliyekwenda kutumika ku Kolwezi, listi ya mali ambayo jamaa ya bibi-arusi inatuma ku jamaa ya bwana. Mutu mumoja aliandika, mwingine atasoma. Katikati yao kuko wino na karatasi, na kama hizi mbili hazipatani, neno linapotea.

Siku hizi kuko vijana, na hata bazee wamoja, waliorudilia kalamu ya wino, ile tunayoita stilo. Wanatafuta rangi zisizo za kawaida: kijani cha pori, zambarau, rangi ya chungwa lililoiva, bluu ambayo ikikauka inang'aa wekundu pembeni. Ni jambo la kufurahisha. Namna wanavyochagua ndiyo haifurahishi. Wanainua chupa ku mwangaza, wanasema, "Hii rangi iko muzuri," wanalipa. Karatasi wanaifikiri nyuma, kama mulimaji anayenunua mbegu bila kuuliza udongo. Mimi ninataka kusema kinyume: karatasi njo inaongea kwanza, rangi inaijibu. Na ninataka kuonyesha ya kama somo hili hatukuletewa na matangazo ya duka. Liko mu kazi za watu wetu wenyewe, tangu Bukama mpaka Elisabethville.

Namna karatasi inakunywa

Rangi ya wino si ile ya chupa. Mu chupa, wino ni nzito, karibu nyeusi. Juu ya karatasi inakuwa utando mwembamba, na weupe wa karatasi unapita chini yake na kurudi ku macho yetu. Kwa hiyo bluu ile ile, juu ya karatasi nyeupe ni bluu. Juu ya karatasi yenye rangi ya maziwa inavutwa kidogo ku kijani. Juu ya bahasha ya kahawia inazimika. Kahawia, nyekundu nzito na kijani cha giza zinapatana na karatasi yenye umanjano. Zambarau inataka weupe safi, bila hiyo inafanana na matope. Na rangi ya manjano, hata ikiwa nzuri namna gani, haina karatasi nyeupe itakayoipokea: macho yanachoka mbele ya kumaliza mustari wa pili.

Kisha kuko kunywa. Karatasi ni nyuzi za miti zilizolazwa pamoja. Kiwandani wanatia gundi ndani ao juu yake, ili maji yasiingie haraka. Penye gundi ya kutosha, wino inakauka juu: mustari unakuwa mukali, rangi inabaki na nguvu, na zile wino zenye kung'aa zinaonyesha mwangaza wao. Penye gundi kidogo, wino inaingia mu nyuzi: mustari unaota miguu kama ya mududu, na maneno yanatokea ku ukurasa wa nyuma. Mwangaza nao unakufa, hata kama wino ni ya bei kali.

Karatasi tunayoipata kila pahali mu Lubumbashi ni ile ya kopi, ya gramu 80 kwa metre moja ya mraba. Ilitengenezwa kwa mashini, haikutengenezwa kwa stilo. Kaye za shule zina karatasi nyepesi zaidi. Nyingine zinavumilia wino vizuri, nyingine hapana. Uzito peke yake hausemi kitu. Karatasi nyembamba yenye gundi nzuri inashinda karatasi nene yenye kiu.

Kwa hiyo mutu mwenye akili anajaribu karatasi moja mbele ya kulipa paketi nzima. Anaandika mistari mitatu, anatia na tone moja nene. Anahesabu mpaka ishirini, anapitisha kidole. Anageuza ukurasa aone kama wino imepita. Anadondosha maji kidogo juu ya neno moja. Halafu anakata karatasi ile vipande viwili: kimoja anakiweka ku dirisha la jua mwezi muzima, kingine anakifunga mu kitabu. Sisi tuko karibu metre 1.200 juu ya bahari, na jua la kiangazi chetu halina huruma. Mwisho wa mwezi, vile vipande viwili vikiwekwa pamoja, vinasema ukweli kuliko muuzaji.

Rangi za udongo wetu

Mwenye kutafuta rangi ya ajabu, asikimbilie mbali. Udongo wa Katanga ni sanduku la rangi. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye duara duara ambalo tunaliona likiuzwa likiwa shanga na sanamu za wanyama, ni shaba iliyokutana na hewa na maji. Bazee wetu waliliyeyusha mu tanuru, wakatoa misalaba ya shaba. Mu inchi zingine walilisaga, wakapata rangi ya kuchora. Kuko pia kijani kingine cha shaba, kinachopatikana kwa kuacha shaba mu mvuke wa siki. Hicho Wazungu wa zamani walikipaka mu vitabu vya mukono na mu ramani. Na hapa kuko onyo kubwa: kijani hicho kinakula karatasi. Mu ramani nyingi za zamani, pahali palipopakwa ile rangi pamekuwa kahawia na pamevunjika, wakati pembeni karatasi iko nzima. Rangi ilichaguliwa kwa uzuri wake, karatasi haikuulizwa.

Tuje ku kobalti. Bluu ya kobalti kama tunavyoijua ilitengenezwa mu Ufaransa mwaka wa 1802 na mukemia Louis-Jacques Thénard. Leo Kongo njo inatoa kobalti mingi kupita inchi zote za dunia, na hiyo kobalti inatoka chini ya miguu yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Lakini mutu wa Lubumbashi akinunua chupa ya wino yenye kuandikwa jina la kobalti, mara nyingi ndani hamuna hata chembe yake. Wino nyingi za stilo zinatengenezwa na rangi za kemia zenye kuyeyuka mu maji. Siite hiyo uongo: jina la rangi ni jina tu, kama vile wino ya "zumaridi" haina jiwe. Ninachosema ni hiki: jiwe letu linatoka, jina lake linarudi mu chupa, na sisi tunalipa jina.

Iko wino moja ambayo kobalti ilikuwa ndani yake kwa kweli, na hiyo inatufundisha kupita zingine zote. Mwaka wa 1737, mukemia wa Paris Jean Hellot aliandika juu ya wino ya siri iliyotoka mu madini ya kobalti. Ukiandika nayo, karatasi ikikauka hivi hivi, huoni kitu. Ukiileta karibu na moto, maneno yanatokea, bluu ao kijani. Karatasi ikipoa na kunywa unyevu wa hewa, maneno yanajificha tena. Chumvi hiyo ya kobalti ni sumu, kwa hiyo mutu asiitengeneze ku nyumba. Lakini angalia somo: wino ni ile ile, mukono ni ule ule. Karatasi yenye unyevu inanyamaza, karatasi iliyokauka inaongea.

Bukama na Hangar

Mwaka wa 1926, ku Bukama, mutumishi wa serikali ya Kibelgiji aliyeitwa Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro ku kuta. Albert Lubaki, muchonga pembe za ndovu, alipokea kwake karatasi na rangi za maji. Antoinette Lubaki, bibi yake, alichora vile vile. Kazi hizo zilionyeshwa Bruxelles mwaka wa 1929, na Genève mwaka wa 1930. Wasifu wengi wanamusifu Lubaki kwa wanyama wake. Mimi ninamusifu kwa kile hakufanya. Mutu aliyezoea ukuta wa udongo, wakati anapewa karatasi nyeupe, angeweza kuifunika yote, kama mwenye kuogopa weupe. Lubaki hakuogopa. Aliacha nyoka, ndege na mutu wasimame katikati ya weupe, na ule weupe ukawa hewa, ukawa njia, ukawa jua. Rangi zake za maji ni nyepesi. Zingewekwa juu ya karatasi ya kahawia, zingekufa siku ile ile.

Miaka makumi mbili nyuma yake, mwaka wa 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua mu Elisabethville ile nyumba ya kazi iliyojulikana kwa jina la Hangar. Watu watatu wa pale wanatosha kwa maneno yetu. Bela alichora na ncha za vidole. Pilipili Mulongoy, aliyekufa mwaka wa 2007, alijaza samaki, ndege na majani mpaka karatasi ikapotea kabisa. Mwenze Kibwanga, aliyekufa mwaka wa 1999, alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi, na mara nyingi rangi zake ni chache, za ukoo mumoja, rangi za udongo.

Pilipili anapendwa kupita wote, na kwa haki. Mutu akiwa na kazi yake ku ukuta, nyumba inaamuka. Lakini kwa mutu anayetaka kujifunza kuchagua wino, ninasema mwalimu ni Mwenze. Pilipili anashinda karatasi, na ili kuishinda lazima kuifunika. Mwandishi hawezi kufanya hivyo, kwa sababu ukurasa ulioandikwa unabaki wazi kwa sehemu kubwa; mwandishi anaishi na karatasi, haifuniki. Mwenze anatufundisha kuishi nayo: rangi mbili ao tatu zenye kujuana, na chini yake rangi moja inayozibeba zote. Mutu mwenye chupa kumi na mbili ku meza, anayeandika mukanda mumoja kwa rangi tano, aende aangalie Mwenze.

Jambo moja linauma mu habari hii. Karatasi za Bukama zilitoka kwa Thiry, na kazi zenyewe zilikwenda Ulaya. Rangi za maji zinapungua nguvu mbele ya mwangaza, kwa hiyo kazi za namna ile zinahitaji giza na zinatolewa kwa muda mufupi. Mutoto wa Bukama anazijua kwa picha ya kitabu, iliyochapwa kwa wino ingine juu ya karatasi ingine. Tayari hiyo si rangi ya Lubaki.

Kila wino na kazi yake

Maneno kalamu na karatasi yana mizizi mu Kiarabu. Yalitufikia kwa njia ya Kiswahili cha pwani, pamoja na biashara ya misafara iliyopita Bunkeya kwa Msiri, aliyeuawa mwaka wa 1891. Ku pwani yenyewe desturi ya wino iko na sheria. Mu Siyu, ku kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili Kurani kwa mukono juu ya karatasi iliyotoka Ulaya: nyeusi kwa maneno, nyekundu kwa alama na mapambo. Nyekundu haikuwa furaha ya mukono, ilikuwa na kazi.

Ku Unguja kuko kitu kingine kinachoitwa kombe. Mwalimu anaandika maneno ya Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, anayaosha kwa maji ya waridi, mugonjwa anakunywa. Kama unaamini ao huamini, angalia ufundi wake: wino ilichaguliwa ili iondoke, na sahani ilichaguliwa kwa sababu hainywi. Ile zafarani juu ya karatasi ingeingia na kubaki, na kazi ingeharibika. Kwa hiyo mbele ya kuuliza "rangi gani?", tuulize "neno hili linapashwa kukaa siku ngapi?"

Mutu anaweza kunipinga hivi: kitabu kimoja cha maana sana kilichoandikwa mu Kiswahili cha muji wetu, ile *Vocabulaire* ya Elisabethville ya mwaka wa 1965, iliyotungwa na André Yav kwa ajili ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, haikuwa na rangi yoyote ya kupendeza. Ilipigwa ku mashini na kutolewa kwa nakala. Johannes Fabian aliitoa tena mwaka wa 1990, na leo wenye elimu mu inchi nyingi wanaisoma. Basi rangi ni ya nini?

Pingamizi hili liko na haki yake, na sitaki kulikimbia. *Vocabulaire* iliponyeshwa na nakala zake, haikuponyeshwa na uzuri. Inatukumbusha ya kama kazi ya kwanza ya wino ni kusomwa, na uzuri unakuja nyuma. Lakini mukanda wa mama, ao listi ya mali, hauna nakala mia. Uko mumoja tu. Pale wino na karatasi zinabeba mzigo wote peke yao.

Listi ya mali na mikanda ingine

Tuseme sasa mambo ya kufanya. Listi ya mali inaandikwa siku moja, inafunguliwa tena miaka nyuma, mara nyingi siku ya ugomvi ao ya kilio. Baba mukubwa mumoja anasema pikipiki ilikuwa ndani, mwingine anakana, na karatasi inaletwa. Kwa karatasi ya namna ile, bluu nyepesi ya shule haifai. Ile bluu ilipendwa mu shule kwa sababu inafutika kwa kalamu ya kufuta, na jua pia linaifuta polepole. Kwa mutoto ni wema. Kwa mapatano ya jamaa mbili ni hatari. Pale tuandike kwa wino nyeusi yenye unga mwembamba usioyeyuka, ao ile bluu-nyeusi yenye chuma, ambayo inaanza nyepesi na kuwa nyeusi ikishika hewa. Lakini ile ya chuma nayo ikizidi ukali inauma karatasi, kwa hiyo ipewe karatasi nzuri, isiyo na asidi. Na stilo ioshwe kwa maji mara kwa mara. Wino ya China ya wachoraji isiingie kamwe mu stilo: inakauka ndani na kuifunga.

Nyekundu, mu muji wetu, ni ya mwalimu. Mutu akipokea mukanda wa pole ulioandikwa kwa nyekundu, atafikiri kilio chake kimesahihishwa. Zambarau na kijani ni za marafiki, za kaye ya mutu mwenyewe, za maneno ambayo hakuna biro itayaomba. Ziandikwe kwa kalamu yenye ncha pana kidogo, juu ya karatasi nyeupe yenye gundi, zionekane na uzuri wao wote. Hapo mutu ajifurahishe, hakuna sheria.

Lakini mialiko ya ndoa ya siku hizi, herufi za zahabu juu ya karatasi ya zambarau nzito, hiyo ninaikataa wazi. Ku duka inang'aa. Mangaribi, umeme ukiwa umekatwa, tantine anashika telefone moja ili aangazie, anageuza mwaliko huku na huku, mwisho anauliza, "Yaya, salle ni ipi?" Kama mwaliko hausemi pahali, umealika nani? Tena, rangi hafifu kama pinki na manjano hazitoki vizuri ku mashini ya kopi. Mu muji ambamo kila dosie inaomba nakala, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mbele ya kununua chupa ingine ya rangi ya ajabu, fungueni sanduku la nyumba. Toeni listi ya mali ya wazazi, toeni mikanda ya wale waliokwisha kwenda. Zile zilizoanza kufifia, muzinakili kwa mukono, kwa wino inayokaa na juu ya karatasi isiyokunywa, na chini muandike tarehe na jina la aliyenakili. Ile ya zamani musiitupe. Iwekwe mu bahasha, mbali na jua na unyevu wa mvua. Watoto wasaidie kusoma herufi, kwa sababu macho yao iko mazuri na sisi tuko bado hapa kuwaelezea majina. Kazi hiyo inaweza kufanywa siku ya posho moja. Halafu, kama imebaki wino ku kalamu na karatasi nzuri ku meza, andikia rafiki yako kwa kijani.